Karatasi ya Vidonge Niliyoitunza kwa Miaka Minane

Mwezi Januari mwaka 2014 mama yangu alinipigia simu kutoka nyumbani kwetu, katika kijiji kilicho juu kidogo ya Soni, wilayani Lushoto, akaniomba shilingi elfu 40 za dawa za presha na nauli ya kwenda kliniki. Wakati huo nilikuwa Sinza, Dar es Salaam, katika kikao cha kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Nilitoka nje ya ukumbi ili asisikie kelele, nikamwambia kwamba niko Mwanza kikazi, kwamba mshahara haujaingia, na kwamba avumilie hadi mwisho wa mwezi. Alinijibu, “Haya, baba, Mungu akutangulie huko safarini.” Nikarudi ndani, nikatoa shilingi laki 1 na nusu niliyokuwa nimeahidi, mwenyekiti akalisoma jina langu, watu wakapiga makofi. Wiki tano baadaye mama alianguka jikoni asubuhi, akapooza upande wa kulia, na siku ya tatu akafariki bila kusema neno tena.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ana jambo la namna hii kifuani na amekwisha kulizoea kiasi cha kudhani kwamba ndivyo moyo wake ulivyoumbwa. Mimi nilikaa nalo kwa miaka minane. Nililitua kwa msaada wa vitabu, baada ya kukosea sana katika namna ya kuvisoma, na makosa hayo ndiyo ninayotaka mwingine ayaepuke.

Siku ya pili ya msiba, tulipokuwa tukipanga upya chumba cha mama, niliinua godoro nikakuta karatasi ya vidonge, ile ya rangi ya fedha yenye vishimo kumi. Vyote vilikuwa vitupu, na kwa nyuma muuza dawa alikuwa ameandika kwa wino wa bluu “1x1”. Sikumwonyesha mtu. Niliikunja mara mbili nikaitia katika pochi yangu, nyuma ya kitambulisho, na hapo ilikaa. Jioni ya siku hiyohiyo shangazi yangu, mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa mkekani, alisema kwa sauti kwamba ni ajabu mtu kukaa nyumba moja na mama yake mgonjwa asione kwamba dawa zimekwisha. Alikuwa akimsema dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiishi na mama. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimeegemea nguzo ya ukumbi. Nilinyamaza, na wakati ule sikujua kwamba kunyamaza nako ni kutenda.

Hatia iliyokaa muda mrefu ina werevu wa kujivika nguo za upendo. Nilimjengea mama kaburi la vigae kwa shilingi milioni 2 na laki 4, fedha za mkopo wa SACCOS nilioulipa kwa miaka miwili, huku mke wangu akiahirisha matibabu ya meno. Niliwalipia wapwa zangu ada kabla hawajaombewa. Ndugu walinisifu, na kila sifa ilinichoma, kwa sababu mimi nilijua ninalipa nini. Kwenda nyumbani kwenyewe nilishindwa. Katika miaka hiyo minane nilifika mara tatu tu, na kila mara nililala usiku mmoja. Simu ikiita wakati wa chakula nilikuwa nakasirika mpaka watoto wakajifunza kuizima. Mama alikuwa na desturi ya kunitumia mapeasi kwa basi, katika boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, na baada ya kifo chake sikuweza kupita mbele ya muuza matunda aliyepanga mapeasi bila kugeuza uso.

Mke wangu alinisihi nimwone mtaalamu. Nilikataa kwa sababu ambayo wengi wetu wanayo: mtu akisikia daktari wa akili anafikiria Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, na anaona ni heri afe na siri yake kuliko kuonekana amepelekwa huko. Mwaka 2021, baada ya miezi ya kuamka saa tisa usiku na kukaa sebuleni gizani, alinishika mkono akanipeleka mwenyewe katika hospitali moja, tukaonana na muuguzi wa afya ya akili. Swali lake la tatu lilikuwa kama nimewahi kufikiria kuyakatisha maisha yangu. Nilimwambia ukweli. Sikupelekwa popote, nilipewa siku ya kurudi, nikarudi mara sita, na ni yeye aliyeniambia kwamba nikiweza nisome, na nikisoma niandike. Naliweka jambo hili mbele ya mengine yote, kwa sababu ningeisimulia habari hii kama ya mtu aliyejiponya peke yake kwa vitabu ningekuwa nasema uongo. Mwenye mawazo ya kufa asianze na kitabu. Aanze na mtu, hospitalini au nyumbani, leo hiihii.

Nilianza kusoma vibaya. Kitabu cha kwanza nilichokishika kilikuwa *Kichwamaji*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, ambayo niliikumbuka tangu shuleni. Ni kazi kubwa, na siipunguzii thamani hata kidogo, lakini mhusika wake mkuu, Kazimoto, anaishia kujiua, nami nilikuwa nikiisoma saa tisa usiku, peke yangu, nikitafuta mtu wa kukubaliana naye. Nilimpata. Nilipomweleza muuguzi alinitaka niiweke kando na nisishike tena kitabu chochote baada ya jua kuzama. Tangu hapo nilisoma mchana tu, kurasa kumi au pungufu, na nadhani hakuna shauri jingine dogo lililonifaa kama hilo. Kitabu kilekile kikisomwa saa nne asubuhi kando ya dirisha na saa tisa usiku sebuleni, ni vitabu viwili.

Kosa la pili lilikuwa vitabu vya hamasa, vile vinavyopangwa kwenye turubai kando ya barabara za katikati ya jiji. Nilinunua vinne. Vyote viliniamuru nijisamehe, na hakuna hata kimoja kilichoniuliza kwanza kama nina kosa, na kama ninalo ni lipi, na nimemkosea nani. Msamaha unaotolewa kabla ya shauri kusikilizwa haumwingii mtu mwenye dhamiri. Unampitia juujuu kama maji juu ya jani la mgomba. Kosa la tatu linanisikitisha zaidi, kwa kuwa nililitenda kwa Biblia. Nilikuwa nikiisoma kama mtu anayetafuta fimbo. Katika Zaburi ya 32 nilikuwa nasimama pale mwimbaji anaposema kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, nikijitambua humo, kisha nafunga kitabu. Aya mbili tu mbele yake anasema kwamba aliikiri dhambi yake, akasamehewa, na miezi yote hiyo sikuwahi kufika huko.

Mambo yalianza kubadilika nilipohamia Maktaba Kuu ya Taifa, pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikalipa ada ndogo, nikakaa miongoni mwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani. Ukimya wa watu wengi wanaofanya kazi ni tofauti kabisa na ukimya wa sebule yangu. Nilikuwa na daftari la kurasa 96 lenye jalada la bluu, na sehemu kubwa ya nilichohitaji ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo nilijipa kazi ya kuandika muhtasari kwa Kiswahili. Sikutarajia kwamba kutafsiri ndiko kutakakonifungua macho.

Katika Kiingereza nilichokisoma, neno moja, “guilt”, lilibeba mizigo minne, na nilipojaribu kuliandika kwa lugha yangu lilinigawanyikia mkononi. Hatia ni ya kitendo, na mtu hupatikana nayo kwa ushahidi, kama mahakamani. Majuto ni ya moyo. Hayahitaji ushahidi wowote, na mtu anaweza kujuta jambo ambalo hakulifanya vibaya. Lawama hutoka vinywani mwa watu. Na soni, neno linalofanana na jina la mji wetu mdogo wa kule milimani, ni ile hali ya kutoweza kutazamwa usoni. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, alichapisha kitabu kinachotenganisha hatia na soni: mwenye hatia anasema “nimetenda jambo baya,” na mwenye soni anasema “mimi ni mtu mbaya.” Wa kwanza hutaka kurekebisha, wa pili hutaka kujificha. Nilitazama miaka yangu yote, kaburi la vigae, usiku mmoja nyumbani, simu zilizozimwa, nikaona kwamba sehemu kubwa ilikuwa kujificha. Niliandika maneno yale manne kwenye ukurasa mmoja, hatia, majuto, lawama, soni, nikaacha nafasi chini ya kila moja. Chini ya majuto nilijaza haraka. Chini ya hatia kalamu ilisita, nikaandika tu: “Nilimdanganya.”

Kisha nikakutana na kazi ya mwanasaikolojia Baruch Fischhoff, na kwa kweli nililia pale maktaba, nikajifanya napangusa miwani. Mwaka 1972, kabla ya Rais Nixon wa Marekani kwenda Peking na Moscow, Fischhoff na mwenzake Ruth Beyth waliwataka wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baada ya ziara kumalizika, waliwataka wakumbuke walikuwa wamekadiria nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975: kwa jambo lililotokea kweli, watu walikumbuka kwamba walilitarajia zaidi kuliko walivyolitarajia. Ukishajua mwisho, akili huirudia njia yote na kuweka vibao vya tahadhari ambavyo siku ile havikuwepo. Wazee wetu walisema kwamba ningejua huja nyuma, nami nilikuwa nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote nikidhani ni onyo kwa wazembe. Sasa niliisoma upya. Inasema neno “ningejua” haliwezi kuja mbele hata ukilivuta.

Nilichukua daftari nikaandika nilichokijua siku ile ya kikao, na hicho tu, bila kuchanganya na nilichokijua baada ya mazishi. Nilijua mama ana presha kwa miaka 11. Nilijua amewahi kuishiwa dawa mara kadhaa na kupata nyingine. Nilijua sauti yake siku ile haikuwa ya mgonjwa. Nilijua kwamba nina fedha na kwamba sitaki kuonekana nimeshindwa kutimiza ahadi mbele ya wenzangu. Sikujua kwamba zimebaki wiki tano. Zoezi hili nalipendekeza kwa yeyote, ila lifanyike kwa maandishi, kwa sababu kichwani mambo mawili huchanganyika papo hapo. Namwomba pia asilitumie kujisafisha. Lilinivua lile ambalo sikulijua, na likaliacha lile la nne likiwa wazi kuliko lilivyowahi kuwa.

Kitabu kilichonishika zaidi nilikinunua kwa shilingi 5,000 kwa muuza vitabu vya mitumba, kwa sababu tu jalada lake lilisema mwandishi alikuwa Mwafrika. Yalikuwa *Maungamo* ya Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Anasimulia jinsi yeye na wenzake, akiwa na miaka 16, walivyoiba mapeasi ya jirani bila njaa yoyote, wakayatupia nguruwe, na miaka mingi baadaye bado anajiuliza kwa nini. Kwa mtu wa kwetu, milima ya Usambara, ambako mapeasi huota hadi uani, ukurasa huo pekee ungetosha. Lakini mbele kuna jambo jingine. Mwaka 383 alitaka kwenda Roma kutoka Karthago, na mama yake, Monika, aliyemfuata hadi pwani, hakutaka kumwacha. Akamwambia kwamba anamsindikiza rafiki anayesubiri upepo wa safari. Mama akakubali kulala katika kanisa dogo la Siprian lililokuwa karibu na bandari, na usiku huo mwana akapanda chombo akaondoka. Asubuhi mama alibaki ufukweni akilia.

Alimdanganya mama yake kuhusu safari. Nilisoma sentensi hizo nikiwa nimesimama kituo cha daladala, nikaacha magari matatu yapite. Kilichonigusa ni kwamba mtu huyu, aliyekuwa askofu alipoandika, aliliweka jambo lile mezani kwa jina lake: nilimdanganya mama yangu, na mama wa namna ile. Hakuliita haraka za ujana. Hakusema pia kwamba kwa sababu ya uongo ule yeye si mtu tena. Monika alimfuata hadi Milano, wakapatana, na mwaka 387 alifariki Ostia mwanawe akiwa kando yake. Hapo njia zetu ziliachana, kwa kuwa mimi sikupata nafasi hiyo, na kwa wiki kadhaa nilimwonea wivu mtu aliyekufa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa na uwezo wa kufanya kile alichokifanya kwa kalamu, yaani kulitaja jambo kwa ukubwa wake halisi, bila kuliongeza wala kulipunguza.

Muuguzi alikuwa amenieleza kuhusu James Pennebaker na Sandra Beall, ambao mwaka 1986 walichapisha utafiti wa wanafunzi walioandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya jambo zito kuliko yote maishani mwao. Walipomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nilifurahi kuonywa juu ya hali ile ya mwanzo, maana siku ya kwanza na ya pili nilitapika. Mtu atakayejaribu achague siku ambazo hana safari wala mtihani wa kazi, na nyumbani awepo mtu anayejua anachofanya. Siku ya nne niliandika ukurasa mmoja tulivu kuhusu mikono ya mama alipokuwa akifunga boksi la mapeasi.

Zoezi lililogeuza mambo lilikuwa la mwisho, na ndilo nililolidharau zaidi. Wataalamu wa tiba ya mazungumzo humtaka mtu achore duara, aorodheshe kila kilichochangia jambo kutokea, ampe kila mmoja kipande chake kama mtu anayekata chapati, na sehemu yake mwenyewe aikate mwisho. Utaratibu huo wa kujiweka mwisho ni wa lazima, maana mwenye hatia akianza na yeye humaliza duara zima. Nilianza. Presha ya miaka 11 nikaipa kipande kikubwa, kwani nilikuwa nimeelezwa hospitalini kwamba kiharusi humpata hata anayemeza dawa zake. Umbali wa kliniki na mlima wake, kipande. Umri, kipande. Chumvi ambayo mama hakukubali kuiacha, kipande chembamba. Kisha mkono wangu ukaandika “Dada hakuniambia kwamba dawa zimekwisha,” na ukaanza kukata kipande kinachokaribia robo.

Kalamu ilisimama katikati ya mstari. Niliyatazama maneno yale kwa muda mrefu. Hayakuwa yangu, yalikuwa ya shangazi, aliyoyasema mkekani, na nilikuwa nimeyahifadhi kwa miaka minane kama kweli tupu, kwa sababu yalikuwa yanachukua robo ya mzigo wangu. Mama alinipigia mimi. Mimi ndiye niliyeambiwa. Dada aliachwa mbele ya ukoo mzima abebe jambo ambalo nilikuwa na ushahidi wake katika pochi, umbali wa hatua tatu. Nilikuwa nikilia usiku kwa ajili ya marehemu ambaye singeweza kumlipa, na aliyekuwa hai, aliyenidai, nilimtumia ada za watoto na kumkwepa macho. Nilifungua ukurasa wa maneno manne, na chini ya “hatia” nikaongeza mstari wa pili: “Nilimwacha dada alaumiwe.”

Sikwenda mara moja. Ilinichukua wiki saba, na katika muda huo nilisoma zaidi ya ilivyohitajika. Hili nalo ni onyo, kwamba kusoma kunaweza kugeuka pango zuri la kujifichia. Mke wangu aliniuliza kwa upole kama kuna kitabu kitakachokwenda Lushoto badala yangu. Mwezi Februari mwaka 2022 nikapanda basi.

Kwetu mjomba husimama mahali pa mama, kwa hiyo nilianzia kwake. Nilimweleza yote, kikao, Mwanza, laki 1 na nusu, karatasi ya vidonge. Alikaa kimya mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, “Hilo la kumdanganya mama yako nimelisikia kwa niaba yake, nalo lisirudi tena. Hili la dawa si la kuniambia mimi. Nenda kwa dada yako.” Alichukua fimbo yake akanisindikiza hadi njia panda, akageuka.

Dada alikuwa akichambua maharage kibarazani. Nilikaa kwenye kigoda, nikasema nilichokuja kusema, nikatoa karatasi katika pochi nikaiweka kwenye ungo mbele yake. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Aliinyoosha kwa kidole gumba, akaigeuza, akasoma maandishi ya wino wa bluu.

“Hii ni ya kabla ya Krismasi,” alisema. “Ulipokataa, nilikopa elfu 30 kwenye kikoba chetu nikanunua nyingine Lushoto. Alikuwa anameza kila siku. Hata asubuhi ile alikuwa amemeza.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale msibani. Alinitazama kwanza, kisha akasema, “Nilisema. Mlikuwa mnalia.”

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sentensi yoyote ya kitabu. Kwa miaka minane nilikuwa nimebeba kama ushahidi karatasi ambayo haikushuhudia chochote, na swali moja kwa dada lingelitosha kuniambia hivyo, lakini ningemuulizaje bila kwanza kusema kwamba mama alinipigia? Uongo wa siku moja ulinifungia mlango wa kweli ambayo ingenipunguzia mzigo. Deni langu kwa dada, kwa upande mwingine, lilikuwa limekua maradufu: alilaumiwa kwa kutonunua dawa alizozinunua kwa mkopo, kwa sababu ya fedha nilizokataa kutoa. Nilitaka kumlipa elfu 30 papo hapo. Alikataa. Deni la kikoba, alisema, alilimaliza mwaka 2015. Alichotaka ni kwamba niyaseme maneno yale mbele ya shangazi.

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Shangazi amezeeka na masikio yake yamepungua, hivyo nilipomaliza mara ya kwanza aliniomba nirudie, na nikarudia kwa sauti kubwa, mpaka waliokuwa wakipita njiani na mizigo ya kabichi wakageuza shingo. Sikupunguza. Nilisema kwamba mama aliniomba mimi, nikamdanganya. Kwamba dada alikopa akanunua dawa. Kwamba nilisikia yaliyosemwa msibani, nikanyamaza. Shangazi alipapasa akaupata mkono wa dada, akaushika, akatikisa kichwa bila kusema. Dada hakuutoa mkono wake, wala hakumtazama. Sijui kama amenisamehe, naye hajasema, na nimejizuia kumuuliza, kwa sababu kumdai msamaha kungekuwa kumbebesha jambo jingine langu.

Majuto bado ninayo. Yakija, mara nyingi jioni, nayaacha yakae, kisha huondoka yenyewe. Hayanitafuni tena usingizi. Siku ile nililala nyumbani usiku wa tatu mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mazishi. Alfajiri ya kuondoka nilimkuta dada uani na boksi la mapeasi, amepiga goti juu ya kifuniko, akilifunga kwa kamba ya katani jinsi alivyokuwa akifunga mama, fundo mbili na kitanzi cha kushikia. Karatasi ya vidonge ilibaki kwake, sikuuliza ameiweka wapi.